Shati la Duilio

Duilio, shati lako limenifikia,
limefungwa kwa karatasi ya mkate, bila barua,
ila maneno ya penseli nyuma ya risiti:
maji ya uvuguvugu. Usikamue.
Pasi lingali na unyevu. Usibishane nalo.

Nalikumbuka. Nani ghorofa ya tatu asilikumbuke?
Idara ya madai, Julai ile kiyoyozi kilipozima
na mafundi wakaahidi Jumatatu, kila Jumatatu.
Tulifungwa tai kama vifurushi vya posta,
nailoni imetuganda mgongoni,
Nerina akijipepea kwa faili la mtu aliyeunguliwa na ghala.
Ukaingia saa tatu kasorobo, kwa miguu kutoka San Giacomo,
shati rangi ya uji mwepesi, mikono umeipandisha mara mbili,
viwiko vimeshajiandikia mistari,
na upepo wote wa Trieste, naapa,
ulikuwa ndani ya shati lako tu.

Mkuu mpya alitoka Milano na suti ya kijivu.
Akakutazama tumboni, pale mikunjo ilipotawanyika kama mito kwenye ramani.
"Bwana Duilio, hilo umelivaa au umelilalia?"
"La kitani, bwana. Si la kitandani."
Tulichekea mashavuni. Yeye akakunja uso,
na kabla ya chakula cha mchana waraka ukabandikwa:
watumishi wote wavae mashati yaliyonyooka.

Kesho yake ukaja na pasi.
Ukatandika taulo juu ya meza ya fotokopi,
ukanyunyiza maji kwa chupa iliyokuwa ya siki,
ukabaki na fulana, ukapiga pasi,
kola, mabega, halafu kifua, polepole,
kama anayesoma maandishi madogo ya mkataba.
Mvuke ukanuka majani yaliyokatwa.
Likanyooka kama kadi ya mwaliko.
Ukalivaa ukaenda mlangoni kwake,
hatua ishirini na mbili, nilihesabu,
na ulipokunja mkono kubisha hodi
mkunjo wa kwanza ukarudi kiwikoni
kama paka anayejua kiti chake.

Mlisemezana nini humo, hukutuambia.
Ulitoka mkunjufu vilevile.
Waraka ulikaa ubaoni mpaka jua likala wino,
na Agosti, mkuu alipozimia kwenye lifti na koti lake,
ni wewe uliyemlegeza tai.

Nerina anasema umekonda, halikukai tena.
Anasema unakaa kwa dada yako Gorizia
na asubuhi unavaa sweta, hata jua likiwaka.
Sikuuliza zaidi. Nilichukua beseni.

Sikukamua. Nilibana pindo kwa vibanio viwili,
nikasahau upepo wetu. Unaitwa bora,
na kwa nguo iliyoanikwa si bora hata kidogo.
Saa nane usiku ukalitwaa.
Asubuhi Bi Slavka wa chini akagonga:
"Kuna mwanamume amekuja kwangu bila kichwa.
Ni mpole. Nimempa kiti."
Lilikuwa kwenye kiti cha jikoni,
mikono imeangukia mapajani, limekauka kau.

Basi nilibishana nalo, nisamehe.
Nililipiga pasi kavu, moto juu kabisa, nikabonyeza kwa hasira,
na chini ya mfuko likabaki doa
rangi ya chai, dogo kama ukucha wa mtoto.
Ndipo nikalirudisha majini
nikaanza upya, na risiti yako mkononi.

Leo nimelivaa kazini.
Mkuu ameona doa, ameona mengine,
akafungua mdomo, akaufunga,
akafungua kifungo chake cha kola.
Ni saa tano. Mikunjo imeshaanza,
lakini si pale ilipokuwa yako:
mimi huegemea kushoto, sikuwahi kujua.

Pasi ingali kwenye droo yako ya zamani.
Chupa bado inanuka siki.